Kabla umwite mtoto mkaidi, jaribu chupa hizi

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, sista alinikaribisha kwake Kayole kwa sharti moja: yeye akienda kazi, mimi nibaki na mtoi. Mpwa wangu ana miaka minne, yuko PP1, na shuleni alikuwa ashapewa jina: mkaidi. Ati akiitwa haitiki.

“Wewe si unajiita mtu wa muziki?” sista akaniuliza. “Basi mfunze kusikiliza.”

Nilidhani ni kazi rahisi. Nikamwambia aimbe kwa sauti ya juu. Akapiga nduru hadi jirani akagonga ukuta. Nikamwambia sauti ya chini, akanong’ona. Hapo nikashtuka kwamba kosa lilikuwa langu. Nyumbani tukisema “sauti ya juu” huwa tunamaanisha kelele, sasa yeye angejuaje nataka kitu kingine? Nikabadilisha maneno. Kifaranga ana sauti nyembamba, ng’ombe ana sauti nene. Na zote mbili unaweza kuziiga kwa nguvu au polepole. Siku hiyo hiyo akashika.

Kisha tukaingia kwa chupa. Nilichukua sita ndogo za plastiki, nikazifunika na gazeti asione ndani. Mbili niliweka mchele, mbili maharagwe, mbili mchanga. Kazi yake ni kutikisa na kutafuta mapacha. Wazo si langu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka wa 1907, alitumia visanduku vilivyofungwa kwa mchezo kama huu.

Siri ni kuanza na chupa mbili tu: “Hizi ni sawa ama ni tofauti?” Halafu nyamaza. Usimpe jibu, hata akikaa dakika nzima. Akizoea, ongeza. Na vifuniko uvikaze kabisa, maana maharagwe na mtoto mdogo si marafiki.

Ukiwa na chupa za soda za glasi, mambo yanakuwa matamu zaidi. Tia maji viwango tofauti, kisha gonga kwa kijiko. Yenye maji mengi hutoa sauti nene, kwa sababu maji yanaipunguzia glasi kasi ya kutetema. Sasa puliza mdomoni mwa chupa: yenye maji mengi inageuka kuwa nyembamba! Ukipuliza, kinachotetema ni hewa, na hewa iliyobaki ndani ni fupi. Mpwa wangu alicheka hadi akamwaga maji yote.

Ngoma pia ziko. Isukuti ya Waisukha na Waidakho huko Kakamega ina ngoma tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Mwaka wa 2014, UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Mchezee mtoto video, afunge macho, akwambie ni lini ile kubwa inaingia.

Wiki ya pili ndiyo ilinitoa jasho. Nilisimama nyuma yake nikitikisa chupa, yeye aonyeshe sauti imetoka upande gani. Kulia, sawa. Kushoto, chupa ya mchanga, kimya. Nikarudia mara tatu. Kimya. Nikajaribu ya maharagwe, akanyoosha kidole kulia.

Jioni nilimwambia sista. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Na vile nimemchapa juu ya kutoitika.” Hatukuongea tena usiku huo.

Kliniki walimchungulia, wakakuta nta imeziba sikio la kushoto. Wakailainisha na kuisafisha. Tukirudi, ndani ya mathree, akajiziba masikio yote mawili: “Anko, hii gari inapiga kelele!” Ni ile ile tunayopanda kila siku.

Mchezo wa chupa si kipimo cha daktari, na nta si sababu pekee ya mtoto kutosikia. Ukiona haitiki, au anauliza “nini?” kila saa, mpeleke akapimwe. Usimchokore sikio na pamba wala kijiti, utaisukuma nta ndani zaidi.

Lakini anza na chupa leo. Mchele uko jikoni.