Kidonge cha Usingizi na Mwanamichezo

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya melatonini, kidonge ambacho wanamichezo hukimeza wakitumaini kulala vizuri na kuamka na nguvu mpya.

Melatonini ni homoni iliyogunduliwa mwaka 1958 na Daktari Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hutolewa na tezi ndogo iliyomo ubongoni giza linapoingia, na mwanga huizuia. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika.

Kwa hiyo humfaa zaidi mkimbiaji aliyesafiri mbali kwa ndege, ambaye saa ya mwili wake bado iko kwao. Lakini kinachompumzisha na kumrudishia nguvu ni usingizi wenyewe. Ushahidi kwamba kidonge peke yake huondoa uchovu wa mazoezi ni hafifu.

Tatizo jingine limo chupani. Mwaka 2017 watafiti nchini Kanada walipima bidhaa 31. Moja ilikuwa na melatonini pungufu kwa asilimia 83, nyingine ilizidi kwa asilimia 478, na 8 zilikutwa na serotonini isiyotajwa kwenye chupa. Melatonini haikukatazwa michezoni, lakini mwanamichezo hubeba lawama ya kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukijua. Chupa moja chafu yaweza kumfungia miaka.

Nami ningemshauri kijana yeyote amwone daktari kwanza, na kila usiku azime taa, televisheni na simu mapema. Giza halina gharama, wala halionekani kwenye mkojo.