Joto la oili katika ndege ndogo: Anza na mita, usikimbilie kung'oa injini

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa rubani wa ndege ndogo yenye injini moja, wingu hilo mara nyingi huwa ni mshale wa mita ya joto la oili unaosogea polepole kuelekea mstari mwekundu.

Dereva ambaye injini ya gari lake imechemka huegesha kando ya barabara, akafungua boneti na kusubiri. Rubani aliye juu ya Bonde la Ufa na abiria watatu hana kando ya barabara. Ndiyo maana ni muhimu hitilafu hii ieleweke na kutibiwa ndege ikiwa ingali chini.

Injini nyingi za ndege ndogo, kama zile za Lycoming na Continental zinazotumika katika Cessna na Piper, hazina maji ya kuzipoza. Hutegemea vitu viwili: upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na oili inayozunguka ndani. Oili hulainisha vyuma, huvisafisha, na pia hubeba joto kutoka mahali ambapo upepo hauwezi kufika.

Katika injini nyingi za Lycoming, kikomo cha joto la oili ni nyuzi 118 za Selsiasi. Kiwango kinachofaa ndege ikiwa angani ni takriban nyuzi 82 hadi 93. Oili ikiwa baridi mno, unyevu unaotokana na uchomaji wa petroli hubaki ndani na kuleta kutu. Ikiwa moto mno, huwa nyepesi kama maji, presha yake hushuka, na ule utando mwembamba unaotenganisha vyuma vinavyozunguka hukatika. Hapo chuma husaga chuma.

Mazingira yetu huongeza uzito wa tatizo hili. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye joto, hewa ya hapo huwa pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya pwani. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, na ndege hupanda polepole huku pua ikiwa juu, hivyo upepo unaoingia kwenye injini hupungua.

Kosa la wamiliki wengi ni kukimbilia vipuri vya bei ghali. Fundi mwenye busara huanza na jambo rahisi na la bei nafuu, kisha akasonga mbele hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mita inasema kweli. Kihisio chake hufunguliwa na kutumbukizwa katika maji yanayochemka, kisha mshale ukasomwa. Hapa fundi wa Nairobi asijidanganye: maji huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, lakini Nairobi huchemka kwa takriban nyuzi 94 au 95. Asiyekumbuka hilo anaweza kuilaumu mita isiyo na kosa, au kuisifu iliyo mbovu.

Hatua ya pili ni oili yenyewe. Ikiwa pungufu, ile iliyopo huzunguka haraka mno bila kupata muda wa kupoa. Pia ni sharti iwe ya uzito unaofaa hali ya hewa. Katika maeneo ya joto kama Lodwar au Wajir, kutumia oili nyepesi iliyokusudiwa nchi za baridi ni kujitafutia balaa. Kitabu cha injini ndicho hutoa uamuzi, si mazoea ya karakana.

Hatua ya tatu ni njia ya upepo, na hapa ndipo wahalifu wengi hujificha. Upepo huingia mbele ya injini na kuzuiwa na mabati pamoja na mipira ya ukingoni, ili usukumwe kupitia kwenye mapezi ya silinda na kwenye kipozea oili. Mpira ukikauka, ukikunjika au ukipasuka, upepo hutorokea penye upenyo bila kufanya kazi. Mbinu moja ya zamani ni kuweka taa chini ya kifuniko cha injini gizani na kutazama kwa juu: panapopenya mwanga usiotarajiwa, upepo nao hupenya.

Hatua ya nne ni kipozea oili. Ndege zinazotua katika viwanja vya murram na nyasi hukusanya vumbi, mbegu na wadudu katikati ya mapezi yake. Kukisafisha kwa nje ni kazi ya muda mfupi. Uchafu wa ndani ni hatari zaidi. Ikiwa injini iliwahi kuharibika na kumwaga chembe za chuma, kipozea kilekile kikirejeshwa bila kusafishwa ipasavyo kinaweza kuiua injini mpya.

Hatua ya tano ni vali ya joto. Oili ikiwa baridi, vali hii huiruhusu kukwepa kipozea. Ikifika takriban nyuzi 85, hurefuka na kuziba njia hiyo ya mkato, oili ikalazimika kupitia kwenye kipozea. Ikikwama, au kiti chake kikilika, oili moto huendelea kukwepa. Vali hujaribiwa katika sufuria ya maji moto pamoja na kipimajoto, na kwa kuwa nyuzi 85 ziko chini ya kiwango cha kuchemka cha Nairobi, jaribio hilo linawezekana hata hapa.

Haya yote yakiwa sawa, fundi hana budi kuuliza joto linatoka wapi. Huenda plagi zinawasha cheche mapema kuliko inavyoagizwa kwenye kibati cha injini. Huenda ringi za pistoni zimelika na gesi moto inapenya hadi kwenye oili. Dalili zake ni oili kuwa nyeusi upesi, kupungua kwa kasi, na tumbo la ndege kuchafuka.

Rubani naye ana sehemu yake. Katika nyanda za juu, petroli hupunguzwa kabla ya kupaa ili ilingane na hewa nyepesi. Anayeruka kutoka Nairobi hadi pwani, kisha akapaa tena huku mkono wa petroli ukiwa pale ulipokuwa Wilson, huichoma injini kwa nguvu zote bila petroli ya kutosha ya kuipoza.

Mshale ukianza kupanda angani, rubani ashushe pua ili kasi iongezeke, aongeze petroli kwenye mchanganyiko na kupunguza nguvu za injini. Ikiwa joto linapanda huku presha ya oili ikishuka, hakuna la kujadili: atafute uwanja ulio karibu zaidi na atue. Hata presha ikiwa ya kawaida, ndege isirejee angani kabla ya kukaguliwa.

Kazi yote hii ni ya fundi mwenye leseni, na kila hatua iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za injini. Mmiliki anayemhimiza rubani afanye safari moja zaidi kwa sababu wateja wanasubiri akumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha mpira kilichokauka hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini injini iliyokwama angani huenda ikagharimu maisha.