Vishipa Vyembamba Nyuma ya Jicho

Kabanga iko mpakani, wilayani Ngara. Malori ya kwenda Burundi hupita hapa kabla ya kuingia Kobero. Dereva anayetegemea macho kupata riziki anaweza kuishi miaka mingi na presha ya macho asijue. Kwa kawaida ugonjwa huu hauumi. Mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni, na jicho moja huziba pengo la jingine.

Si ugonjwa adimu. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wanao.

Mshipa wa fahamu wa jicho una nyuzi zipatazo milioni moja. Zinapotoka kwenye retina hulishwa na vishipa vya damu vyembamba kuliko unywele. Zamani, kuona mzunguko wa damu humo kulihitaji mgonjwa achomwe sindano ya rangi mkononi, na wengine walipata kichefuchefu. Siku hizi ipo mashine isiyohitaji sindano. Mgonjwa huegemeza kidevu, hutazama alama na kutulia. Mwanga usiodhuru hupiga sehemu ileile mara kadhaa kwa haraka. Kisichobadilika ni nyama ya jicho. Kinachobadilika ni damu inayotembea. Kompyuta huchora ramani ya vishipa, na penye presha ya macho ramani hiyo huwa na mapengo, aghalabu pale pale nyuzi zilipopungua.

Wataalamu bado wanabishana kipi hutangulia: damu kupungua au nyuzi kufa.

Tanzania ina historia yake katika kupiga picha za nyuma ya jicho, ingawa kwa ugonjwa tofauti na presha ya macho. Tangu mwaka 1988 madaktari wa Dar es Salaam walipokea vijana waliofifia uoni wa katikati, macho yote mawili, baadhi wakiwa na ganzi miguuni au usikivu hafifu. Mwaka 2013 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa London walichapisha picha za matabaka ya retina za wagonjwa hao: nyuzi za uoni wa katikati zilikuwa zimekonda. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa.

Mashine hizi ni ghali, na mtoto wa jicho au kupepesa macho huharibu picha. Mkazi wa Kabanga anaweza kuanzia hospitali ya Murugwanza, Ngara, apimwe presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa fahamu kwa kurunzi ya daktari. Ikibidi, apewe rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Aliye na mzazi au ndugu mwenye presha ya macho asingoje dalili. Uoni uliopotea haurudi, lakini dawa ya matone, mionzi ya leza au upasuaji huweza kuulinda uliobaki, na picha ya leo ndiyo daktari atakayoilinganisha na ya mwaka ujao.