Jembe Aliyegombea Ubunge

Haya, wajomba zangu, sogeeni. Leo simulizi namwachia Jembe, yule kizee anayeegemea ukuta wa stoo. Udongo wa shamba la viazi la Uyole bado umemganda shingoni.

"Mimi niliwahi kugombea ubunge," akasema Jembe.

Watoto wakaangua kicheko. Jembe atagombeaje ubunge?

"Swali zuri! Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu, TANU. Ila kwenye majimbo mengi TANU hiyohiyo ilisimamisha wagombea wawili. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Basi mgombea mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Mkulima wa Rungwe au wa Iringa akinitazama tu, ananijua."

Sasa piga picha ua wenye chungu kimoja na miiko miwili. Mwiko unauchagua. Chungu hukichagui.

"Kwa hiyo wakubwa hawakuanguka?"

Wee! Walianguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliukosa ubunge mwaka huohuo. Mwiko ukabadilika, chungu kikabaki kilekile. Kwa upande wa Rais, jina lilikuwa moja: unasema ndiyo au unasema hapana.

Mwaka 1977 TANU ikaungana na ASP ya Zanzibar, ikazaliwa CCM. Mwaka 1991 Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Francis Nyalali, iwaulize watu: kimoja au vingi? Wengi, kama 80 katika kila 100, wakasema kimoja kinatosha. Tume ikashauri vingi! Mimi naona ilifanya vyema, maana wale wachache nao walikuwa na njaa. Julai 1992 mlango ukafunguliwa.

"Na huku kwetu watu walionja chungu kingine?"

Hapo umeuliza, mjomba! Mwaka 2010 Mbeya Mjini ikamchagua Joseph Mbilinyi, Sugu yule wa hip hop. Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa. Wote wa chama cha upinzani cha Chadema, na mwaka 2015 wote wakarudi bungeni. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakaenda CCM. Mwaka 2024 Msigwa mwenyewe akahamia CCM. Ndiyo, miiko nayo huhama.

Jembe akakohoa. "Mbona hujawapeleka ng'ambo?"

Haya, twende. Panda basi Mbeya, shuka Tunduma. Ukivuka geti uko Nakonde, Zambia. Kule nako kilikuwepo chama kimoja, UNIP ya Mzee Kaunda. Mwaka 1991 kikashindwa, Kaunda akakabidhi nchi. Shuka upande wa Kyela, vuka Kasumulu, uko Malawi. Chama cha Rais Banda kilishindwa mwaka 1994. Sisi tuna vyama zaidi ya 15 vilivyosajiliwa, lakini tangu uchaguzi wa 1995 kila Rais wa Muungano ametoka CCM.

"Kwa nini, mjomba?"

"Nijibu mimi," akasema Jembe. "Nimewaona mabalozi wa nyumba kumi wakipita uani humu, vyama vingine havijazaliwa bado. Chama chenye mtu wake kila nyumba kumi hakishindwi kirahisi. Wapinzani nao hugawana kura."

Kweli tupu. Na mimi naongeza: ua wenyewe haukuwa sawa kwa wote. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hadi Januari 2023. Na mwaka 2025 Chadema haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura.

Basi mwalimu akiuliza nchi fulani ina mfumo gani wa vyama, usikimbilie kuhesabu bendera. Uliza kwanza: je, chama kinachotawala kinaweza kushindwa na kikaondoka? Zambia kiliondoka mwaka 1991, kikaondoka 2011, kikaondoka tena 2021.