Mkate Ulindwe au Uloweshwe?

Nyanya ndiyo inayoua sandwichi nyingi. Unaikata saa kumi na mbili asubuhi ikiwa nyekundu na imara, unaipanga juu ya slesi nyeupe, unafunika kwa slesi nyingine, unatia kwenye kontena la plastiki na kukimbilia daladala. Saa saba mchana unafungua kifuniko na kukuta kitu cha rangi ya waridi kilichonyong'onyea, kinachonata vidoleni na kukatika kabla hakijafika mdomoni. Wengine hulaumu mkate, wengine joto la Dar es Salaam. Mimi nalaumu nyanya, na zaidi ya nyanya namlaumu aliyeinyunyizia chumvi ikiwa tayari juu ya mkate.

Kwa uzito, nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, na tango limeipita kidogo. Maji hayo yametulia ndani mpaka kisu kipite. Chumvi ikifuata, inayavuta nje yote kwa pamoja. Fundi wa sandwichi hutumia tabia hiyo hiyo kwa faida yake. Anakata nyanya mapema, anaondoa mbegu na ule ute wake, anazitia chumvi zikiwa kwenye chujio na kuziacha kama robo saa zijikamue zenyewe, kisha anazipangusa. Ndipo zinapata ruhusa ya kuingia kwenye mkate, na hata hapo hazigusani nao. Kati yao sharti pawe na mafuta.

Hapa Blue Band inapata heshima ambayo watu hawaipi. Wengi tumekua tukidhani kazi yake ni kuleta ladha na chumvichumvi. Ndani ya sandwichi kazi yake ni ile ya lipu kwenye tangi la maji: kuziba. Mafuta na maji havipatani, na tabaka jembamba lililofika mpaka kwenye kingo huuchelewesha unyevunyevu usipenye. Basi anayepaka duara katikati ya slesi na kuacha pembe nne kavu hajapaka kitu. Nimekaa meza moja na watu wazima, wenye shahada na watoto, wanaopaka hivyo, nikanyamaza kwa sababu ya adabu tu.

Wasiwasi huu wa kulinda mkate usilowe ulianza pamoja na sandwichi yenyewe. Pierre-Jean Grosley, Mfaransa aliyetembelea London mwaka 1765, aliandika kwamba waziri mmoja wa Kiingereza alikaa kwenye meza ya kamari saa 24 bila kula kitu ila nyama ya ng'ombe iliyobanwa katikati ya vipande viwili vya mkate wa kubanikwa. Watu walimjua mlengwa: John Montagu, mtu wa nne kushika cheo cha Earl wa Sandwich. Mwandishi wa maisha yake, N.A.M. Rodger, anamtetea akisema bwana huyo alikuwa na kazi nyingi za jeshi la majini, na huenda nyama yake aliilia kwenye meza ya kuandikia. Chakula chenyewe kilikuwa kimeshapata jina kabla Grosley hajafika, kwa kuwa mwanahistoria Edward Gibbon alikitaja katika shajara yake ya Novemba 1762. Kwangu mimi kamari na ofisi ni mamoja. Mtu ana mkono mmoja wa kulia, na mwingine umeshika karata au kalamu. Hataki mchuzi utiririke mpaka kwenye kiwiko. Sandwichi ilizaliwa ikiwa chakula kikavu, cha mtu asiyetaka kunawa.

Sisi tulilelewa kinyume chake. Mkate kwetu ni kitafunwa, na kitafunwa kina mwenzake kikombeni. Slesi inapakwa Blue Band, inakunjwa mara moja, inachovywa kwenye chai ya maziwa mpaka karibu na kidole, inatolewa haraka. Macho madogo ya mafuta yanabaki yakielea juu ya chai, na mtu ambaye hajawahi kuyanywa amelelewa nyumba ya namna nyingine kabisa. Kuchovya ni ujuzi. Ukichelewa kidogo, nusu ya mkate inazama na kugeuka uji chini ya kikombe. Mtoto wa kwanza huupata ujuzi huo mapema, na mdogo wake humaliza chai kwa kijiko.

Kuna na wale wa sukari. Hawa hupaka Blue Band, wakamimina sukari juu yake, wakatikisa ile isiyonata irudi kwenye bakuli. Siri ya utamu wake ni muda: punje zinatakiwa ziliwe kabla hazijayeyuka, zikiwa bado zinasagika menoni. Mkate wa sukari hauwezi kubebwa kwenda shule. Unaliwa umesimama, jikoni, na mama akiwa amegeuka upande wa pili.

Kwa hiyo tuna makabila mawili mbele ya mkate, la kuulinda na la kuulowesha, na nimesikia wa kabila la kwanza wakiwacheka wa pili kana kwamba kulowesha ni ushamba. Nadhani wamekosea swali. Cha kuuliza kwanza ni mkate gani uliopo mezani.

Chukua boflo. Unguja na Mombasa bado wapo wanaoioka kwenye tanuri la kuni, unga, maji, chumvi na hamira, bila mambo mengi. Ganda lake lina ukali, ndani ina matundu. Asubuhi ni ya chai. Jioni inahamia kwa mchoma mishkaki. Mtazame anavyofanya: anapasua boflo ubavuni bila kuikata mpaka mwisho, anaifungua, anaibana juu ya nyama ikiwa bado kwenye kijiti, anavuta kijiti kwa mkono wa pili. Nyama inabaki ndani na hakuna aliyeigusa. Mafuta ya moto yanashuka kwenye yale matundu.

"Nikutilie ukwaju, dada?"

"Tia, na pilipili kidogo."

Hiyo "kidogo" huwa hasikii. Ukwaju ni mwepesi na mchachu, unapita kwenye nyama, unazama ndani ya mkate na kuishia kwenye ganda. Hapo unasimama. Dakika kumi baadaye bado una kitu cha kushika mkononi. Ufanye hivyo hivyo kwa slesi ya kwenye mfuko wa plastiki, ukwaju utakufikia kwenye kiatu.

Walio mbali nasi wamefikia hukumu hiyo hiyo. Guadalajara, Mexico, wana sandwichi ya nyama ya nguruwe inayozamishwa nzima kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili kali, na inawezekana kwa sababu mkate wao, birote, una ganda gumu. Chicago wana ile ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana, ambayo mteja anaweza kuomba ichovywe yote, mkate na nyama, kwenye mchuzi wa nyama hiyo. Hakuna mtu Chicago anayefanya hivyo kwa slesi laini. Mkate wenye ganda unakaribisha mchuzi. Mkate usio na ganda unahitaji ulinzi. Ugomvi wote wa makabila yale mawili ungekwisha hapo, kama watu wangekubali ugomvi uishe.

Slesi yetu ya dukani ina historia yake. Otto Rohwedder, fundi wa Kimarekani, ndiye aliyetengeneza mashine iliyokata mkate mzima kwa mpigo, na mkate wa kwanza uliokatwa hivyo ukauzwa Chillicothe, Missouri, mwezi Julai 1928. Mwaka 1961 watafiti wa Chorleywood, Uingereza, wakapata njia ya kukanda donge kwa kasi kubwa kiasi kwamba saa nyingi za kuumuka zikafupishwa sana, na mkate ukatoka laini na wa bei nafuu. Ulaini ukawa ndiyo sifa ambayo mnunuzi anaitafuta kila mahali. Nenda duka lolote la mtaani utamwona anayebonyeza mkate kupitia kwenye mfuko kabla ya kutoa hela. Wetu wa Afrika Mashariki umeongezewa na utamu. Unaenda na chai vizuri sana, ila ukiutilia samaki au nyama ya chumvi unakuwa na mabishano mdomoni.

Tena kuna suala la friji. Kwa joto la pwani mkate huota ukungu upesi, na wengi huukimbizia kwenye friji. Ukungu unachelewa, ni kweli, lakini mkate unakakamaa haraka kuliko ungekaa mezani, kwa kuwa wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu upesi zaidi kwenye baridi ya friji. Friza haina tatizo hilo. Na mkate uliokakamaa haujafa: ukiupasha kwenye kikaango kikavu, wanga unalegea tena na uso unapata ganda. Slesi ya juzi iliyobanikwa hivyo hubeba nyanya kuliko ya leo. Wanaotupa mkate wa juzi wanatupa sandwichi bora na kubaki na ya pili kwa ubora.

Waganda walilitatua tatizo la nyanya kwa njia ambayo bado inanifurahisha. Kwenye rolex, nyanya, kitunguu na kabichi vinakatwakatwa ndani ya mayai, vinapigwa na kukaangwa pamoja, kisha chapati inalazwa juu na vyote vinaviringishwa. Maji ya nyanya yanapotoka yanakuta yai, nalo linayafunga. Chapati yenyewe ina mafuta tayari. Unaweza kuibeba kwenye gazeti kutoka Wandegeya mpaka upande wa pili wa Kampala na isikuchafulie shati. Nairobi wamekwenda mbali zaidi, wakauondoa mkate kabisa: smokie pasua ni soseji iliyopasuliwa kwa urefu ikajazwa kachumbari. Soseji hainyonyi maji. Kachumbari inaweza kutoa machozi inavyotaka.

Parachichi nalo limenibadilisha. Zamani nililiona tunda la kula na kijiko. Sasa nyumba nyingi, Murang'a mpaka Njombe, wanaliponda na kulipaka kwenye mkate mahali pa Blue Band, na hawakukosea, maana lina mafuta ya kutosha kufanya kazi ile ile ya kuziba. Matone ya ndimu yanalizuia lisigeuke jeusi haraka. Chumvi, pilipili manga, basi. Najua wapo wanaoliwekea sukari. Ni haki yao, wala sitaki kuwaona wakifanya.

Ninaloshindwa kulivumilia ni sandwichi ya semina. Mmeshaiona. Chai ya saa nne kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, sinia lenye pembetatu za mkate mweupe uliokatwa maganda, ndani yai lililopondwa au tango lililokatwa jembamba. Aliyeiandaa amefanya makosa yote kwa wakati mmoja. Amechagua mkate laini kuliko wote, amekata ganda, yaani ulinzi pekee uliobaki, ameweka tango bila kulipangusa, kisha ameliacha sinia wazi mbele ya upepo. Katikati pamelowa na kingo zimekauka zikapinda juu. Sambusa zinaisha dakika ya tano. Pembetatu zinabaki mpaka mhudumu anapokuja kuzichukua, na mezani anayechelewa anapata hizo pamoja na chai iliyopoa. Nani alisema maganda yaondolewe? Mkate uliopoteza ganda ni sifongo.

Mimi ganda nalitafuta. Vile vipande viwili vya mwisho wa mkate, ambavyo kwenye nyumba nyingi vinasukumwa nyuma mpaka vinaota ukungu, nyumbani kwangu ni mali yangu. Navibanika upande mmoja, nageuza ganda litazame ndani, kwenye unyevunyevu, na upande laini uwe nje, mkononi. Mume wangu anasema sandwichi ya aina hiyo imevaa nguo ndani nje. Yeye ni mtu wa Tanga, wa kabila la kuchovya, na hata sandwichi ya samaki ameshaichovya kwenye chai ya tangawizi mbele ya wageni.

Mpangilio wangu ni huu, kwa anayetaka kujaribu wikendi hii. Parachichi juu ya maganda yote mawili mpaka kwenye kingo. Samaki wa kukaanga wa jana, changu au kibua, aliyechambuliwa miiba kwa vidole, si kwa uma, kwa kuwa uma haujui mwiba. Kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na kukamuliwa kama cha kachumbari. Nyanya iliyojikamua, vipande viwili tu. Pilipili mbichi naiweka juu kabisa, kwa sababu ikikaa chini inakutana na ulimi kwanza na samaki hapati nafasi ya kusema. Kisha naifunga kwenye karatasi, naibana kwa sahani nzito na kuiacha nikichemsha maji ya chai, ili parachichi lishike kila kitu mahali pake. Kisu kiwe cha meno, na kikate kwa kuvuta, bila kukandamiza. Ukiikata kabla haijabanwa, kitunguu chote kitatokea ubavuni.