Mtetemo wa Gamba la Kompyuta Mpakato: Hali na Msamiati Wake, kwa Mfano wa Bangboka, Kisangani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu hali ambayo watumiaji wengi wa kompyuta mpakato zenye gamba la chuma wameipata, lakini wachache wameelezwa sababu yake. Kompyuta ikiwa imeunganishwa na umeme, mtu akipitisha kidole polepole juu ya gamba huhisi kana kwamba chuma kinatetemeka, au kwamba uso uliokuwa laini umegeuka kuwa wa kukwaruza. Mara nyingine ukingo wa gamba ukigusa upande wa ndani wa mkono, mtu huhisi mchomo mdogo kama wa ncha ya sindano. Chaja ikichomolewa, hali hiyo hutoweka papo hapo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, asiyelielewa hukabiliwa na makosa mawili. La kwanza ni la mwenye hofu, ambaye huitupa mashine nzima au kuiuza kwa hasara. La pili ni la mwenye mazoea: kwa kuwa amekwisha kuzoea kutekenywa na kompyuta yake, hupuuza siku ile ambapo chaja mbovu inaleta umeme wa kweli. Kosa la kwanza hugharimu fedha; la pili laweza kugharimu uhai.

Tumechagua mfano wa Bangboka, eneo la uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kisangani, yapata kilomita 17 mashariki ya mji, kwa sababu tatu. Kwanza, ni lango la wasafiri wanaobeba chaja za nchi moja kwenda kuzitumia katika nchi nyingine. Pili, ni mahali penye unyevu mwingi, karibu kabisa na Ikweta. Tatu, Kiswahili cha huko hukutana kila siku na Kilingala na Kifaransa, na kwa hiyo suala la kuipa hali hii jina linajitokeza waziwazi.

2.0 Mkondo unatoka wapi?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umeme wa majumbani ni wa volti 220, nao hubadili mwelekeo kwa kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia umeme huo jinsi ulivyo. Chaja huushusha hadi volti 20 hivi na kuunyoosha ili utiririke upande mmoja tu. Ndani ya chaja mna pande mbili zilizotenganishwa: upande wa ukutani na upande wa kompyuta.

Chaja za kisasa hufanya kazi yake kwa kuukata umeme maelfu mengi ya mara kila sekunde. Ukataji huo huzaa vurugu zinazoweza kuingilia redio na vyombo vingine. Ili kuzituliza, mafundi huweka kati ya pande hizo mbili kapasita ndogo ya aina maalumu, iliyoundwa ili ikiharibika isifungulie umeme njia ya kumfikia mtu. Kapasita hiyo huzuia umeme wa mwelekeo mmoja, lakini umeme wa kwenda na kurudi hupenya kidogo. Huo unaopenya hufika katika gamba la chuma, kwa kuwa gamba limeunganishwa na upande hasi wa kompyuta. Usipopata njia nyingine ya kwenda ardhini, humpitia mtu anayeligusa.

Ni kiasi gani? Tuchukue kapasita ya nanofaradi 2.2. Hata tukichukulia kwamba volti zote 220 zimo kati ya ncha zake, mkondo unaopita ni yapata miliampia 0.15. Kanuni za awali za Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ziliweka kikomo cha miliampia 0.25 kwa vifaa vya namna hii visivyo na waya wa ardhi. Tulinganishe na kifaa cha kinga kinachokata umeme nyumbani pindi mkondo unapovuja: hicho kwa kawaida huwekwa kwenye miliampia 30, yaani mara 200 ya kiasi tulichokikokotoa.

Ieleweke pia kwamba kizuizi kikubwa katika njia hiyo ni kapasita, wala si ngozi. Kapasita hiyo huzuia kwa kadiri ya omu milioni moja na nusu, ilhali mwili wenye ngozi iliyolowa huzuia kwa omu elfu chache tu. Hivyo mkono ukilowa, mkondo hauongezeki kwa kiasi cha kutajika, maadamu kapasita ni nzima. Sharti hilo la mwisho ndilo msingi wa usalama wote.

3.0 Kwa nini kidole huhisi mtetemo?

Hapa yatupasa kutenga hisia mbili ambazo aghalabu huchanganywa.

Ya kwanza ni mchomo. Huu hutokea mkondo ule mdogo unapopita katika sehemu finyu: ukingo wa gamba, kichwa cha skrubu, au mahali ngozi ilipochubuka. Mkondo ni uleule, lakini umekusanyika mahali pamoja, na neva huutambua. Kiganja kizima kikilazwa juu ya gamba, mkondo hutawanyika na mtu asihisi kitu.

Ya pili ni mtetemo, nayo haihitaji mkondo wa kutajika kupita mwilini. Tabaka la juu la ngozi, likiwa kavu, ni kihami chembamba. Chuma upande mmoja na nyama yenye unyevu upande wa pili huvutana kupitia tabaka hilo. Nguvu ya mvuto hupanda na kushuka kadiri umeme unavyobadilika. Na kwa kuwa mvuto hutokea umeme uwapo upande huu au ule, umeme wa mizunguko 50 huleta mivuto 100 kila sekunde. Kidole kikitulia, mvuto huo ni dhaifu mno kuhisiwa. Kikitembea, msuguano huongezeka na kupungua mara 100 kwa sekunde, na ngozi hutetemeka. Kwa hakika, basi, kinachotetemeka ni kidole chenyewe, chuma kimetulia.

Jambo hili lilijulikana kabla ya kompyuta. Mnamo 1874 Mmarekani Elisha Gray aliona kwamba mkono uliounganishwa na umeme wa kwenda na kurudi, ukisuguliwa juu ya zinki ya hodhi la kuogea, hutoa sauti. Mwaka 1953 Edward Mallinckrodt na wenzake wawili, nao pia wa Marekani, walichapisha uchunguzi ulioanzia kwenye kishikio cha shaba cha taa: taa ilipozimwa kilikuwa laini, ilipowashwa kidole kilikwama juu yake kama juu ya mpira.

4.0 Hali za mahali

Tukirudi Bangboka, maelezo hayo yanatusaidia kufahamu kwa nini kompyuta moja hubadilika tabia kutoka chumba hadi chumba.

Kwanza, plagi. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya meno matatu bapa, na jino moja ni la waya wa ardhi. Chaja iliyo na waya huo hadi mwisho hupeleka mkondo uliovuja ardhini, na gamba hutulia. Kongo hutumia zaidi plagi ya meno mawili ya mviringo. Msafiri anayetua na chaja ya Nairobi au Entebbe na kuichomeka kwa kiunganishi kisicho na njia ya ardhi huwa ameukata mkondo ule njia yake. Tena chaja za namna hiyo huruhusiwa kuvujisha zaidi, kwa kuwa waundaji walitegemea waya wa ardhi uwepo. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa tulivu nyumbani huanza kuchoma ugenini, ingawa haikuharibika.

Pili, chanzo cha umeme. Kisangani hupata umeme kutoka kituo cha maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950. Umeme huo ukikatika, watu huwasha jenereta au hutumia mabamba ya jua. Jenereta ndogo mara nyingi haijaunganishwa na ardhi. Mkondo hukosa njia ya kurudi na mtekenyo hupungua. Kupungua huko si ushahidi kwamba chaja ni salama. Baadhi ya inveta za bei nafuu nazo hutoa wimbi la umeme lenye ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo hupenya kapasita kwa urahisi zaidi.

Tatu, hewa na sakafu. Kidole chenye jasho hupoteza ile hali ya kihami, hivyo mtetemo hufifia na mchomo hubaki. Aliyekanyaga saruji kwa miguu mitupu huhisi zaidi kuliko aliyevaa ndara za mpira. Kwa hiyo watu wawili wakiigusa kompyuta moja, mmoja akasema inachoma na mwingine akasema haina kitu, huenda wote wawili wanasema kweli.

5.0 Tatizo la jina

Kiswahili hakikosi maneno ya hisia: ganzi, mwasho, mnyeo, msisimko, mtekenyo, mchomo, mtetemo. Tatizo ni kwamba aliyeguswa na umeme, kiasi chochote kile, huwa tayari na usemi mmoja: amepigwa na umeme, au, kwa Waswahili wa Afrika Mashariki, amepigwa shoti. Neno umeme lenyewe ni jina la mwako wa mbinguni. Anayelisikia hawazi sehemu ya elfu ya ampia, bali radi. Upande wa Kongo, neno kura, lililotoholewa kutoka Kifaransa, hutumika kwa maana ya umeme. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba kura imekatika atawaza uchaguzi.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi ya istilahi imeendelea tangu hapo. Sisi tunapendekeza hatua nyepesi zaidi: maneno yaliyopo yagawanywe kazi. Mtetemo liwe jina la hisia ya kidole kinachotembea. Mchomo liwe la hisia ya sehemu finyu. Kupigwa na umeme kubakizwe kwa hali inayokaza msuli au kumrusha mtu. Fundi akiambiwa "inatetemesha" na "inapiga", ajue kwamba ameambiwa mambo mawili tofauti. Inafaa kukumbuka kwamba mpakato latokana na kupakata, kitendo cha kumweka mtoto mapajani. Chombo kinachopakatwa chastahili maneno sahihi ya mguso.

6.0 Dalili za hatari

Mtetemo unaohisiwa tu kidole kinapotembea, na kutoweka chaja inapochomolewa, ni hali ya kawaida. Zifuatazo si za kawaida: mkono uliotulia kukazwa au kurushwa, hisia kuongezeka ghafla bila mahali wala chaja kubadilika, chaja kutoa harufu ya kuungua, kuwa moto kupita kiasi au kupasuka, waya kuchubuka. Chaja za bandia zatakiwa kuogopwa zaidi, kwani kapasita yake yaweza kuwa ya kawaida, nayo ikifa hufungua njia ya volti zote 220. Chaja yenye dalili hizo izimiwe umeme ukutani kwanza, ndipo ichomolewe, wala isitumike tena.

Kwa anayekerwa na mtetemo wa kawaida, dawa ni chaja yenye waya wa ardhi katika soketi yenye ardhi ya kweli, au kutumia betri peke yake. Kulikata jino la ardhi ili plagi iingie ni kuiondoa kinga.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba hali hii hutokana na kapasita iliyowekwa kwa makusudi, kwamba mtetemo na mchomo ni mambo mawili, na kwamba plagi, chanzo cha umeme na sakafu huamua nguvu yake. Kadiri vyuo vyetu vinavyozidi kufanya kazi kwa kompyuta, wanafunzi watahitaji kueleza wanachokihisi kwa lugha ambayo fundi wa Kisangani, wa Kigoma na wa Mombasa ataielewa sawasawa. Wataalamu wa istilahi na mafundi wakutane mapema, kabla neno moja la "kupigwa" halijazoeleka kwa mambo yote.