Kwa nini dawa za TB humezwa miezi sita

Mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba anayeshuka duarani, yaani shimoni, au anayeshinda kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, huvuta vumbi la mwamba kutwa nzima. Vumbi hilo lina silika, na silika huua zile chembe za mapafuni ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Kifua kikuu (TB) kikija humkuta mlinzi keshaumia.

Mgonjwa akigundulika, hupewa kidonge chenye dawa nne ndani yake. Nne za nini?

Bakteria wa TB amejifunika ukuta mzito wa mafuta, mfano wa nta, na dawa nyingi za kawaida hugota hapo. Isoniazidi huzuia ujenzi wa ukuta huo. Cha ajabu ni kwamba dawa hii huingia ikiwa haina makali. Kimeng'enya cha bakteria mwenyewe ndicho huiamsha, ikamgeukia. Ethambutoli huzuia ujenzi wa sehemu nyingine ya ukuta huohuo. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hukizuia kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni, bakteria akashindwa kutengeneza protini.

Kwa nini zisitumike moja moja? Katika kila bakteria milioni moja hivi, mmoja huzaliwa akiwa sugu kwa isoniazidi, na tundu moja la pafu linaweza kubeba milioni 100. Dawa moja peke yake ingewaua wenzake na kumwachia yeye shamba zima. Kumpata aliye sugu kwa dawa mbili kwa pamoja ni vigumu mno.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapa ndipo wengi hupotea. Bakteria wa TB hujigawa mara moja kwa saa 20 hivi, wakati wale wa tumboni wanaweza kujigawa kila dakika 20. Wengine hulala kabisa, na anayelala hajengi ukuta, kwa hiyo isoniazidi haina cha kumzuilia. Pirazinamidi, dawa ya nne, huwafuata waliojificha kwenye tindikali, rifampisini huwanasa wanaozinduka kidogo kidogo. Zamani tiba ilichukua hata mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, matokeo yake yakatolewa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi sita inatosha iwapo rifampisini au pirazinamidi imo. Tiba ya dunia nzima ina deni kwa wagonjwa wetu hao.

Baada ya miezi miwili kikohozi hukoma, mwili hurudi, na habari za dhahabu mpya mahali pengine huanza kuvuma. Bakteria waliolala bado wapo. Ndugu mchimbaji, ukihama, pita kwanza kituoni uchukue kadi yako na barua ya uhamisho. Hata huko uendako, dawa hizi hutolewa bure.